Mwaka wa Dume Jeusi

Hamisi alinipigia simu nikiwa dukani, namfungia mzee mmoja dawa ya kupe, akaniuliza kama pale Katesh kuna fundi wa majeneza anayeweza kutengeneza refu. Hakuuliza habari za asubuhi, wala hakusema Marko amefariki hospitalini kule Arusha. Aliuliza hilo tu. Nilimjibu kwamba fundi yupo karibu na stendi ila mbao zake ni za watu wa kawaida, itabidi aunge, na jeneza la kuunga halipendezi. "Basi tutalitengenezea hukuhuku Arusha," akasema. "Ila Vero, naogopa gari. Mlango wa nyuma hautafunga." Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye gunia la pumba. Kocha Marko alikuwa mrefu kiasi hicho, hata wenzake wa timu, ambao nao hawakuwa wafupi, walimwita Ngazi. Nikafunga duka asubuhi na mapema, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata nikiumwa, na yule mzee wa watu akabaki nje na chupa yake mkononi, anashangaa.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, maana zikianza hazina mwisho na wenyewe hawapendi zisemwe vibaya. Inatosha kusema mimi ni Mbarbaig wa Getanuwas, mrefu kuliko milango mingi, kwamba kwa miaka mingi nilikula kwa mpira wa kikapu, na sasa nakula kwa minyoo ya ng'ombe. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule niliomaliza kidato cha nne nikakaa kwa Marko na mkewe Mama Neema, nikisubiri kuruhusiwa kuondoka. Kulikuwa na timu ya taasisi moja kubwa huko Dar es Salaam iliyokuwa inatafuta wasichana warefu. Ukipita, unapewa ajira na mshahara, kazi yako ni kucheza. Marko alikuwa ameahidi kunifikisha mbele ya macho yao. Nikikosa, nilijua kinachonisubiri, kwa sababu nyumbani maneno ya posa yalikuwa yameanza kusemwa kwa sauti ya chini kila nikitoka nje. Mwaka mzima nilikaa roho juu. Hata leo nikisikia mtu anasema "tusubiri tuone", natafuta kazi ya kufanya.

Marko alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la Mzee Rashidi, mwenye simu ya mezani iliyotumiwa na mtaa mzima. Aliyejenga vile vyumba lazima alikuwa mtu mfupi. Marko aliingia ameinama, akavua viatu ameinama, na kitanda chake kilikuwa kimeongezewa kreti la soda upande wa miguuni. Mimi nililala chumba cha mbele pamoja na magunia na mipira miwili, mmoja ukiwa umechakaa mpaka nundu zote zimekwisha umebaki laini kama yai. Upepo wa Katesh ulipita chini ya mlango na vumbi lake, na asubuhi tulikuwa tunafagia kwanza ndipo tuuone mlima. Ukutani kulikuwa na picha moja, Marko akiwa kijana, kavaa jezi yenye maandishi ya nchi za watu, anaangalia juu, mikono hewani. Huko alicheza kwa mshahara miaka kadhaa, akipita barabarani watu wanamjua. Sasa alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi, na jioni anatufundisha kikapu bure kwenye uwanja wa vumbi wa shule. Kila nilipopita chini ya picha ile kwenda kukoleza moto nilijiuliza jambo ambalo sikuthubutu kumuuliza mtu. Kama huyu aliyefika kule amerudi kulinda mahindi, mimi nitarudi kulinda nini?

Mama Neema alikuwa Mnyaturu, mdomo haukai. Alitupikia makande siku nyingi, ugali wa mtama na maziwa ya mgando siku nyingine, na aliniwekea mimi sahani iliyojaa kuliko ya mume wake. "Kula, Vero," alikuwa anasema. "Mifupa mirefu haishibi mapema, nimeolewa nayo, naijua." Akishanipa chakula anakaa mbele yangu kuhakikisha. Nilikula kwa woga. Nilikuwa naona kila kijiko ni ahadi ninayopewa na watu wasio na kitu, na siku nikishindwa nitaitapika vipi. Nilimwambia hivyo siku moja, akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema yeye makande yake hayajawahi kumdai mtu.

Kila mwezi siku ya mnada walikuja watu watatu waliocheza na Marko kabla hajaenda nje. Hamisi, aliyekulia Dongobesh kwenye familia ya wenye maduka, alikuwa dereva wa lori la vitunguu. Sabas alikuwa askari magereza. Fabiani alikuwa na kibanda cha kuziba pancha, naye alitembea akivuta mguu kwa sababu ya nyonga. Walikaa kwenye vigoda vya Mama Neema, magoti yamefika kidevuni, wanakunywa supu ya mbuzi. Mimi nilikuwa uani nasugua masufuria, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mabanzi, kwa hiyo hakuna neno lililonipita. Vijana wa uwanjani walidhani wachezaji wa zamani wakikutana wanaongelea mechi. Hawa hawakuongelea mechi hata mara moja. Waliongelea migongo, na mabosi, na kazi ambayo fulani ameipata au ameikosa. "Juzi kaja dada mmoja na tairi," nilimsikia Fabiani. "Kaniangalia, kaniangalia, akasema, samahani baba, wewe si Fabiani yule wa kikapu? Nikamwambia hapana, yule alishakufa." Walicheka, ila kicheko hakikwenda mbali. Sabas akasema kule gerezani mkuu wake anamsimamisha getini kwa ajili ya urefu tu, wageni waogope. Hamisi akasema lori lake limetengenezwa na watu wasio na miguu.

Halafu wakanifikia mimi. "Muache binti wa watu aolewe, Ngazi," Fabiani akasema, na hakuwa anatania. "Unampeleka akacheze miaka kumi. Halafu?" Nikaacha kusugua. Nilitaka Marko aseme neno, neno lolote, hata la uongo. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. "Halafu itajulikana hukohuko mbele," akasema. Nilibaki nimeshika sufuria, maji ya vyombo yakapoa mikononi mwangu. Nilikuwa naogopa kutokwenda, na kuanzia siku ile nikaanza kuogopa kwenda, na hofu zile mbili zililala pamoja nami kitanda kimoja.

Habari njema ilikuja kwa simu ya Mzee Rashidi. Watu wa ile timu wangekuwa Arusha mwisho wa mwezi kuangalia wasichana, nami nimo. Kwa kuwa siku zilikuwa bado, niliomba ruhusa niende Getanuwas kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Hapa lazima nieleze. Kwetu mwanamke akishajifungua, nyumba ile ni yake na ya wanawake. Mwanaume haingii, awe mume wake, awe baba yake mzazi, mpaka muda wake utimie. Hili siyo jambo la kufundishwa darasani, mtoto anayechunga ndama analijua. Siku ile mama alikuwa ameshuka na punda kuchota maji. Mimi nilikuwa ndani namkorogea dada uji, na kichanga kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote, hata mbuzi wakipiga kelele nje husikii. Ghafla mwanga wa mlangoni ukazibwa, mtu akainama, akaingia. "Vero, wamebadilisha," akasema Marko, anahema, vumbi limemjaa mpaka kope. "Ni Jumamosi hii, siyo ile. Jiandae tuondoke."

Kisha akaangaza macho mle ndani. Nadhani ni harufu ya samli na moshi iliyomzindua. Nilimwona uso unavyobadilika. Marko alikuwa wa Balangdalalu, mtoto wa kwetu kabisa, ila alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, kutoka hapo mjini, kutoka hapo nje ya nchi, na miaka yote hiyo milango aliyopita ilikuwa ya kupita tu. Jambo lile hakulisahau kabisa. Lilikuwa limelala, likaamka akiwa ameshatia miguu yote miwili ndani. Dada alimfunika mtoto, akageukia ukutani. Marko akarudi kinyumenyume, akajigonga kichwa kwenye mti wa mlango, na alipotoka akakutana na mama anafungua madumu mgongoni mwa punda. Akamwamkia. Mama hakuitikia. Nimewahi kuona mama akigombana na watu wengi, lakini sikuwahi kumwona akiamkiwa asiitikie kabla ya siku ile, wala baada yake. Alitua madumu chini taratibu, moja moja, kisha akapanda kilima kwenda kuwaita wenzake.

Kesho yake wanawake walikuja na fimbo zao kutoka kila upande, wengine sikuwa nawajua. Walikaa kwenye nyasi nje ya boma, wanaume wakasogea mbali kama ilivyo desturi, na Marko akaketishwa pembeni, amewapa mgongo. Baraza la wanawake likikaa hakuna mzee wa kiume anayeliingilia. Aliyeongoza alikuwa Bibi Udamara, mdogo wa umbo, sauti yake ya kukwaruza, na alikuwa na tabia ya kuuliza kitu anachokijua. "Huyu mtoto wa wapi?" akauliza. Wakamwambia wa Balangdalalu. "Basi siyo mgeni," akasema. "Mgeni tungemfukuza tu, tukamsamehe. Huyu ni wa kwetu aliyesahau mlango." Wengine walisema kichanga kimeanza kupiga chafya. Wengine walisema mpira ndio unaowafanya watu hivi. Mama yangu hakusema kitu, na mimi nilimwangalia yeye tu. Hukumu ikatoka, dume jeusi, jeusi kweli, lisilo na unywele mweupe, wanawake waile nyama yake. Na mpaka siku litakapoliwa, msichana haondoki na mtu huyu kwenda popote.

Mnada ulikuwa umeshapita na mwingine ulikuwa mwezi ujao. Marko hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na dume jeusi lisilo na doa siyo kuku kwamba unaomba kwa jirani. Aliondoka kwa miguu bila kunitazama. Nilikaa nyumbani kwa siku ambazo sitaki hata kuzikumbuka. Nilikuwa nafua nguo ambazo si chafu. Kila kengele ya ng'ombe ikilia bondeni natoka, nachungulia, narudi. Dada, ambaye ndiye aliyekosewa, alikuwa ananihurumia mimi. "Kaa chini, unamtia mtoto wasiwasi," aliniambia. Nikikaa naona uwanja wa Arusha, wasichana wengine wameshavaa, mtu anaita jina langu na hakuna anayeitika. Nikisimama naona Marko chini ya picha yake. Hakukuwa na mkao wenye nafuu.

Ijumaa jua likiwa juu nikawaona. Walikuwa wanne, warefu, wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, na katikati yao dume dogo jeusi lenye hasira. Lori walikuwa wameliacha barabarani. Sabas alikuwa na suruali ya kazini, Fabiani nyuma anavuta mguu, Hamisi ameshika kamba kwa mbali kama mtu aliyeshika nyoka. Nilikimbia ndani kufunga mfuko wangu. Tukiondoka saa ile, kwa lori lile, tungefika Arusha usiku na asubuhi nikacheza. Nilikuwa nimeshavaa viatu nilipotoka nje.

Wanawake walikusanyika, wale wanne wakaketishwa kwenye mstari wametugeuzia migongo. Bibi Udamara akalizunguka dume, analipapasa tumbo, mapaja, chini ya mkia, bila haraka. Alipofika kichwani akasimama. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua katikati ya pembe. Akatazama kidole chake. Kisha akakiinua juu ili kila mwanamke akione, na kilikuwa cheusi, na pale kwenye paji la dume palikuwa na doa jeupe, dogo, la ukubwa wa punje ya hindi. Weusi ule ulikuwa rangi ya kung'arishia viatu vya Sabas. "Nani amepaka?" Bibi akauliza. Marko alitafsiri kwa sauti ya chini, na ilionekana wazi kwamba yeye mwenyewe hakuwa anajua. "Mimi, bibi," Hamisi akasema akiangalia mbele, kwenye mbuzi waliokuwa wanakula. "Shikamoo. Tulizunguka kote, hakuna jeusi tupu. Nikasema kadoa kenyewe kadogo." Hakuna aliyecheka. Nikavua viatu.

Nilidhani wangewafukuza hapohapo. Bibi Udamara alijifuta kidole kwenye nyasi, akakaa, akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. "Huyu msichana, mkishamaliza kumchezesha, mtamrudisha akiwa nani?" Marko akaanza kueleza habari za ajira, na mshahara, na jinsi timu ile ilivyo kubwa. Bibi akamkata. "Sikuuliza anakokwenda. Nimeuliza kurudi. Ninyi mlienda wote, si ndiyo? Mmerudi mkiwa kina nani?" Nikamwangalia Marko mgongo. Ulikuwa umejikunja kama anaingia mlango. Wa kwanza kujibu alikuwa Fabiani. "Mimi naziba pancha, bibi," akasema. "Watoto wanakula. Usiku nyonga hainipi usingizi." Sabas akasema, "Mimi nafunga na kufungua milango ya wenzangu." Hamisi akasema anaendesha lori ambalo siyo lake, lina vitunguu ambavyo siyo vyake, na saa hiyo vilikuwa vinaoza juani. Marko akawa wa mwisho. Aliyatafsiri majibu ya wenzake moja baada ya jingine, na la kwake akalisema kwa Kibarbaig moja kwa moja. "Nalinda mahindi, mama zangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka wadanganye. Nilitaka mmoja wao aseme ana nyumba ya bati na shamba la ngano, ili wanawake waniachie. Nilikuwa msichana mjinga mwenye haraka, sikuelewa kilichokuwa kinatendeka mbele yangu. Bibi Udamara aliwaangalia migongo yao kwa muda, mmoja mmoja. "Angalau hapo hamkupaka rangi," akasema. Ndipo mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaficha kicheko kwenye shuka, na mama yangu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu Jumanne Marko alipoingia, akauliza kama hawa watu wamekula.

Mapatano yalikuwa hivi. Bibi Udamara alikuwa na dume jeusi lisilo na doa. Lambo letu la kunyweshea mifugo lilikuwa limejaa tope tangu mvua, vijana wanaliogopa. Mikono mirefu, alisema, inafaa kutoa tope. Watoe tope, dume litakuwa la Marko kwa jasho lake, naye atawapa wanawake. Walianza jioni ileile. Jumamosi asubuhi, saa ambayo nilitakiwa niwe uwanjani Arusha, nilikuwa nimebeba kibuyu cha maziwa na ugali uliofunikwa, nashuka lamboni, machozi yananitoka bila sauti. Wale wanne walikuwa wamezama kwenye tope hadi mapajani. Sabas alikuwa ameacha zamu na hakujua atamwambia nini mkuu wake. Vitunguu vya Hamisi vilikuwa vinanuka tangu barabarani. Nikasimama juu ya ukingo kabla hawajaniona, nikamsikia Hamisi anamuuliza Fabiani, "Wewe si ulisema aolewe? Nyonga yenyewe hiyo, umebaki ya nini?" Fabiani akatupa beleshi la tope, akapumzika. "Sisi hakuna bibi aliyetuuliza tutarudi tukiwa nani," akasema. "Walituuliza urefu." Hamisi akaendelea kuchota tope. Nikashuka, nikawamiminia maziwa, na sikulia tena siku ile.

Walimaliza, dume likaletwa, wanawake wakala. Kichanga kiliacha chafya zake, na leo ni baba wa watu. Kabla Marko hajaondoka Bibi Udamara alimsimamisha mbele ya nyumba ya dada. Alimwambia anichukue aende, ila kunirudisha ni kazi yake yeye, siyo ya timu wala ya basi, na siku ya kunirudisha apige hodi, asubiri aitikiwe. Marko akakubali. Tulikwenda Dar es Salaam tukiwa tumechelewa, watu wale wakatuambia nafasi zimejaa, tukakaa kwenye benchi la getini kwao siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka kocha wao akatoka kuuliza sisi ni akina nani tunaoonekana juu ya ukuta. Nilipewa nafasi nijaribu. Niliogopa sana hata nikasahau kuogopa, nikacheza.

Nilicheza mpaka goti lilipokataa. Mengi ya miaka hiyo ni ya kitabu kingine, ila mwisho wake ni mfupi. Siku moja unaitwa ofisini, unapewa mkono na maneno mazuri, unatoka na begi. Sikumwambia mtu. Nilikaa chumbani kwangu Dar, nimefunga pazia, nikilisikia lile swali la bibi kila nikiamka. Ikapita wiki kama mbili hivi, nikasikia hodi. Sikufungua. Ikapigwa tena, kwa upole, na aliyekuwa anapiga alionekana ana muda. Nilipofungua, Marko alikuwa amesimama nje, nywele nyeupe, amechoka na safari. "Timu wameniambia. Nimekuja kukurudisha," akasema. Njiani, kwenye basi, akanitolea alichokuwa amekitafuta. Alikuwa amezungumza na bwana mifugo wa kwetu na mwalimu wa chuo cha mifugo, nafasi ipo, nisome, nifungue duka la dawa Katesh. Kumbe lile swali halikuwa linaniamsha mimi peke yangu. Alikuwa amekaa nalo miaka yote ile, na wenzake watatu siku za mnada wamelijadili mpaka supu inapoa.

Nilisoma kwanza. Nilipomaliza, ndipo akanifikisha Getanuwas kwa miguu yake, kama alivyoagizwa. Bibi Udamara alikuwa ameshafariki. Marko akasimama nje ya nyumba ya mama na kupiga hodi, na mama, ambaye alikuwa ametuona tangu bondeni, akamsubirisha. Alimaliza kupepeta mtama wake wote. "Karibu," akasema hatimaye. "Umemrudisha akiwa nani?" Marko akasema, "Akiwa mganga wa mifugo." Mama akanitazama juu mpaka chini. "Basi aangalie yule ndama," akasema, "hanyonyi tangu jana." Nikaweka begi chini, nikaenda kumwangalia ndama. Alikuwa na minyoo tu.

Tangu mwaka ule wa dume Marko hakuingia nyumba yoyote bila kupiga hodi na kuitikiwa. Mvua inanyesha, mlango uko wazi, watu wanamwona, yeye amesimama nje. Alipostaafu ulinzi akajenga kwao Balangdalalu, nyumba yenye milango mirefu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hata hapo alipiga hodi. Mama Neema alimcheka hadi uzeeni. "Mwenye nyumba anabisha kama mkusanya kodi," alikuwa anasema, na asipomwitikia, mzee anakaa nje kwenye kigoda, hana hasira.

Tulimleta jana. Mlango wa nyuma haukufunga kweli, tukafunga jeneza kwa kamba na kitambaa chekundu, na njia nzima kutoka Arusha nilikuwa nimegeuza shingo kuangalia kamba. Kila tuta nilishika moyo. Hamisi, ambaye siku hizi haendeshi tena, alikaa mbele akimsumbua dereva. Sabas hayupo, alitangulia. Fabiani alitusubiri Katesh na mkongojo wake, akapanda bila kusema kitu, akaweka mkono juu ya mbao mpaka tukafika. Balangdalalu kulikuwa na manyunyu. Wanawake walikuwa wameketi ndani, Mama Neema katikati yao, na mama yangu, aliyeletwa tangu asubuhi, karibu na mlango, macho yake hayaoni tena vizuri. Vijana walibeba jeneza mpaka kizingitini, na hapo wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Wote walimjua mzee. Hamisi akanitazama, Fabiani naye akanitazama, nami nikajua kazi hiyo ni ya nani.

"Hodi," nikasema. Nikarudia. "Hodi hapa."

Ndani wakageukia mlangoni. Mama Neema alifungua mdomo, akashindwa, akajifunika uso kwa khanga. Mvua ilikuwa inadondoka juu ya mbao, nikawa naiona inavyolowesha. Kisha mama yangu akanyoosha mkono akitafuta mlango ulipo, akaupata, akaushika. "Karibu, Marko," akasema. "Ingia, mwanangu. Leo usisubiri nje."

Tukainama sote, ingawa mlango ulikuwa mrefu, tukamwingiza.